Mji Mlioujenga Ndani ya Diski

Batsinda, Jumapili, kabla giza halijaingia

Ganza mwanangu,

Jana ulipewa impanuro, mausia ya kumtosha mtu anayehamia mwezini. Wajomba na mashangazi zako walikaa kwenye viti vya kukodi, soda zikazunguka, na kila mmoja akasimama kukuusia kwa safari ya Ankara: koti zito, ibada, marafiki wa kuchagua, usilale na njaa kwa kuona haya. Nilipoitwa mwisho, mimi ambaye kazi yangu ni kusimama mbele ya watu na kusema, nilisema tu, "Mwanangu, nenda vizuri," nikaketi. Shangazi yako Mukamana akamnong'oneza jirani yake kwa sauti iliyofika mpaka jikoni: "Leo kwake umeme umekatika." Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Umeme haukuwa umekatika. Nilikuwa na neno lisilofaa kusemwa mbele ya viti vya kukodi, nalo ndilo nimeketi kuliandika wakati wewe na baba yako mnapima mabegi chumbani na kubishana juu ya kilo. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kufikiri nayo, shuleni kule Karagwe. Kinyarwanda changu unakijua: ni cha kuamkia, cha kukemea na cha kuombea. Cha kufikiri ni hiki.

Ya koti sitayarudia. Nataka kukueleza yaliyotokea hapa nyumbani wiki uliyokwenda Kayonza kumuaga bibi yako. Uliporudi uliikuta mashine ya gemu ikiwaka upesi na bila ule mlio wa kugonga, ukauliza, "Mmeiponya?" Baba yako akakujibu kama anavyojibu siku zote, muuguzi wa chumba cha upasuaji asiyeacha kazi kazini: "Mgonjwa ameruhusiwa." Ukaridhika, ukaenda kuoga. Hukuambiwa kwamba mji wenu, ule wewe na mdogo wako Teta mliouanza mkiwa watoto wadogo na kuujenga mpaka mwezi uliopita, ulikuwa karibu kabisa kupotea, na kwamba aliyekuwa karibu kuupoteza ni mimi.

Unakumbuka jinsi tunavyoandika imihigo ya nyumba. Ofisini kwetu Kacyiru kila mtu huweka ahadi za kazi na kupimwa nazo, nami niliileta desturi hiyo hapa, mkalalamika, kisha mkaizoea. Mlio ule ulipoanza, wewe mwenyewe ulisema diski inakufa. Basi nikaandika kwenye karatasi ya jokofu: "Diski ya mashine ya gemu ibadilishwe kabla Ganza hajaondoka." Sote tukatia sahihi. Nilijiona nimefanya jambo kwa mpango mzuri. Isome tena sentensi hiyo, mwanangu, uone ilivyo na kasoro. Inaitaja diski na kubadilisha, lakini mji haumo.

Mtu akishaahidi kubadilisha diski, atabadilisha diski. Nilikwenda mjini kwa fundi mmoja, kijana mchangamfu, nikamweleza shida. Akaniambia, "Iko rahisi sana, mama. Natoa hii, naweka mpya, kesho unachukua."

Nikamuuliza, "Na vilivyomo ndani?"

"Magemu? Utashusha tena kwa intaneti, yote inarudi."

Nikaridhika. Alinijibu swali nililomuuliza, na jibu lake lilikuwa la kweli, maana magemu yanarudi. Nilimwahidi kumpelekea mashine siku inayofuata, nikarudi nyumbani nikiwa tayari nimeweka alama ya vyema moyoni. Teta alikuwa mezani akila ndizi. Nilimpa habari ile kama mtu anayetangaza barabara mpya.

Akaniangalia. "Na mji?"

"Gemu litashushwa upya, Teta."

"Mama. Gemu ni la waliolitengeneza. Mji ni wetu. Kwao kule mji wetu haupo. Uko hapa tu." Akagonga kwa kidole juu ya mashine, na mashine, kana kwamba imesikia, ikatoa mlio wake.

Nilikaa chini. Ilinijia redio, nami sijawahi kukusimulia habari ya redio hiyo. Tuliporudi Rwanda kutoka Karagwe, nikiwa msichana, babu yako alipanga safari kwa makini kuliko nilivyowahi kupanga mkutano wowote. Mabati yalihesabiwa, milango ikang'olewa na kufungwa kamba, na redio kubwa ya kaseti ikazungushiwa blanketi na kupewa kiti chake garini, huku mimi nikisimama. Ilifika bila mkwaruzo. Tulipoiwasha hapa na kufungua kile kimlango cha kaseti, ndani hamkuwa na kitu. Kulikuwa na kaseti moja ambamo baba yake bibi yako alirekodiwa akighani majina ya ng'ombe, ng'ombe wake wote, kwa ile sauti ya mtu anayesimama ingawa ameketi. Jirani aliiazima kwa ajili ya harusi, na katika hesabu zote zile za mabati hakuna aliyekumbuka kuidai. Redio nyingine tumenunua. Bibi yako, aliyekupikia maharage juzijuzi, hadi leo akisikia mtu anaghani kwenye harusi huinua kichwa kidogo, halafu hukirudisha.

Kwa hiyo nilimpigia fundi kumwambia asitusubiri, tutafanya wenyewe, na kwa utaratibu. Nimeishi na neno "utaratibu" miaka mingi, Ganza, nami nalipenda bado. Lakini wiki hii nimejifunza kwamba mtu anaweza kukosea kwa utaratibu kabisa.

Jioni ile ile nilichomeka flashi, nikaingia kwenye akaunti yako kwa kuwa ndiyo ya kwanza kwenye kioo na kwa kuwa wewe ndiye mkubwa. Nikafuata maelekezo hatua kwa hatua, nikachagua kila ulichohifadhi humo, nikanakili. Mashine ikasema imekamilisha. Nikaenda kwenye jokofu, nikachukua kalamu, nikaandika pembeni ya ahadi yetu: "Nakala, tayari." Baba yako akapiga makofi. Nilikuwa nimeshavua viatu Teta alipoita kutoka sebuleni, kwa upole ule wake unaotisha.

"Mama, humu kuna mpira. Kuna magari. Mji hauko."

"Nimenakili vyote."

"Vyote vya Ganza. Mji hauko kwa Ganza."

"Uko kwako?"

"Hauko kwangu. Uko kwa Nyumbani."

Hapo ndipo nilipojua kwamba katika mashine ile, iliyokaa sebuleni kwangu miaka yote hii, kuna akaunti ya tatu iitwayo Nyumbani. Teta alinieleza. Mlipoanza mji, wewe ulikataa kuwa mgeni katika akaunti yake, naye akakataa kuwa mgeni katika yako, mkagombana mpaka mkanuna, kisha mkaamua pawepo mahali ambapo hakuna mwenyeji wala mgeni. Watoto wawili wadogo walimaliza kwa siku moja jambo ambalo nimeona watu wazima wakilijadili kwenye kumbi zenye mapazia. Nami mama yao, mtaalamu wa mipango, nilinakili akaunti ya mtoto mkubwa nikaiita nyumba nzima.

Tukaingia kwa Nyumbani. Mashine ikagonga, ikagonga tena, kisha kioo kikaganda. Teta hakulia. Alikaa juu ya mikono yake miwili, kama alivyokuwa akikaa kwa daktari wa meno. Baba yako akasema, "Tuizime. Apumzike." Tukaizima, tukafungua madirisha, tukala chakula ambacho hakuna aliyekisifu. Mtu hafunguliwi kifua wakati ana homa, baba yako alisema, na hakuna aliyecheka.

Nataka ujue nilichokuwa nikikifikiria mezani pale. Nilifikiri: nitamwambia nini? Utarudi kutoka kwa bibi, utakuwa na siku chache, na jambo la mwisho utakaloondoka nalo katika nyumba hii ni kwamba kitu mlichokifanya wenyewe, bila msaada wangu na bila ruhusa yangu, kimepotea mikononi mwangu kwa sababu nilikuwa nakimbilia kuweka alama kwenye karatasi. Nikaazimia kwamba hilo halitatokea. Sikuomba, sikulalamika, niliazimia. Kisha nikainuka, nikaitoa ile karatasi kwenye jokofu, nikaandika mpya: "Mji wa Ganza na Teta ufunguke kwenye diski mpya." Teta alisoma, akatia sahihi, akasema, "Sasa hii ndiyo."

Tulipoiwasha tena, hatukufungua gemu wala kugusa kitu kingine. Tulikwenda moja kwa moja kwenye hifadhi ya Nyumbani, tukauchagua mji, tukanakili kwenye flashi. Ule mstari wa kuonyesha kazi inaendelea ulitambaa, ukasimama, ukatambaa. Baba yako alikuwa ameweka mkono juu ya mashine kama anapima mapigo. Ulipofika mwisho sikuenda kwenye jokofu. Tukachukua flashi nyingine, tukanakili tena. Ajabu ni udogo wake. Mji mzima, barabara zake, mashamba, daraja, miaka yenu yote ile, una uzito mdogo kuliko video fupi za kunengua ambazo shangazi yako hututumia kwenye simu.

Kesho yake baba yako alifungua mashine kwenye meza ya chakula. Mimi nilimpa bisibisi, Teta akashika tochi, naye akatoa diski ya zamani na kuweka mpya kwa vidole vile ambavyo sijawahi kuviona vikitetemeka. "Tusifute ya zamani," nilisema. "Hata ikishindikana, tuwe na pa kurudi." Mashine ikawaka tupu. Ilituuliza tunataka lugha gani, kama mgeni aliyekosea nyumba. Teta akaingiza neno la siri la Nyumbani huku ametugeuzia mgongo, kama yuko benki, akashusha gemu upya, akachomeka flashi, akarudisha mji mahali pake.

Wengi huishia hapo, mwanangu. Kioo kinasema tayari, nao wanaamini kioo. Teta akasema, "Bado hatujaufungua." Akachukua pedi ya kuchezea, akaufungua.

Nikaona mji wenu kwa mara ya kwanza. Miaka yote nilipita mbele ya kile kioo nikisema punguzeni sauti. Sikuwahi kuuangalia. Teta alinitembeza taratibu: soko, shule isiyo na darasa la hesabu (wazo lako, nimeambiwa), mto, nyumba zilizopandiana mlimani kama huku kwetu. Tukafika kwenye nyumba yenye paa jekundu, akasema, "Hapa ni kwetu." Ukuta kwa ukuta na hapo palikuwa na jengo kubwa la mawe, lenye madirisha mengi kupita kiasi.

"Na hili?"

"Ofisi yako," alisema, akiendelea kutembea. "Tuliijenga ulipohamishiwa Rusizi. Ganza alisema ikiwa hapo, mama atatoka kazini na kuingia nyumbani bila kupanda basi."

Baba yako alitoka nje kuangalia kitu uani ambako hakukuwa na kitu.

Ganza, nilikaa Rusizi miaka ile nikirudi mwisho wa wiki, na sitaiombea radhi kazi iliyowasomesha. Ningeitwa tena ningekwenda. Lakini nilikuwa nikijiambia kwamba ninyi hamkuhisi sana, kwa kuwa mlikuwa mkicheza. Kumbe huko kucheza ndiko mlikokuwa mkinijibu nako. Nililolichukua hapo, nalo nakupa kama lilivyo bila kulipamba, ni hili: utakapokuwa mbali na watu, usipime jinsi wanavyokukumbuka kwa simu wanazopiga. Tazama wanatengeneza nini wakati haupo. Nawe uwe na kitu unachokitengeneza, ili siku moja mtu akitembezwa humo ajikute.

Lingine nimelipata kwa aibu ya wiki hii. Utapewa kazi nyingi huko Ankara, na kila kazi itakuja na sentensi yake. Kabla hujaahidi, angalia kama sentensi hiyo inakitaja kile usichotaka kipotee. Usipokitaja wewe, hakuna atakayekulindia, hata mtu mwema anayekujibu kwa ukweli. Ukijiandikia "nifaulu mitihani," utafaulu, wewe ni mtoto wa kufaulu. Sina hakika kama hiyo ndiyo ahadi. Unakwenda kusomea maji. Nilikusikia ukimwambia bibi yako kwamba siku moja hatateremka tena bondeni na dumu. Hilo ndilo andika. Na usiseme kitu kiko salama mpaka umekifungua na kutembea ndani yake: rafiki, mkataba, hata imani yako mwenyewe. Mimi nilikwisha weka alama ya vyema juu ya flashi ambayo mji haukuwemo.

Sasa nifike kwenye lile la juzi, ambalo hamjalimaliza, na ambalo jana mbele ya wageni mlilipita kama watu wanaopishana kwenye ngazi nyembamba. Teta alikuwa amekwambia tu kwamba tuna nakala mbili za mji, nawe uliomba flashi moja uondoke nayo. Nilikuwa jikoni, lakini ukuta wetu ni wa Batsinda, mwembamba, nilisikia kila kitu.

"Nipe moja, Teta. Ziko mbili."

"Ukajenge na nani huko?"

"Peke yangu. Jioni jioni."

"Basi hautakuwa huu. Wewe utaweka nyumba kule, mimi nitaweka huku, tutakuwa na miji miwili ya uongo."

"Sha, acha basi. Nitauangalia tu. Sitagusa hata tofali."

"Kama hutagusa, piga picha uende nayo."

Ukacheka, naye hakucheka. Mlango ukafungwa. Tangu hapo flashi zote mbili zimekaa kwenye droo yake, nawe hukuzitaja tena.

Nimelifikiria jambo hili kuliko nilivyofikiria mabegi yako. Teta ana haki. Nakala ikishatoka, kuanzia siku hiyo hakuna wa kuziunganisha hizo mbili. Kila mmoja atakachojenga mwenzake hatakuwa nacho. Sitakudanganya kwamba ni vinginevyo, kama nisivyoweza kukudanganya kwamba kesho utaondoka na utarudi yule yule. Lakini uliposema hutagusa hata tofali, hapo wewe ndiye uliyekosea, na nilitaka kutoka jikoni nikwambie. Mji unaoogopwa kuguswa umekwisha, hata ukiwa na nakala kumi. Sisi tuliotoka Karagwe tuliwaona wazee waliotaka kuikuta nchi kama walivyoiacha wazazi wao. Walikaa barazani wakiilaumu hadi wakazikwa ndani yake. Bibi yako alishika jembe wiki ile ile tuliyofika. Yeye ndiye aliyekaa Rwanda.

Kwa hiyo nilikuwa nimeazimia kuamua mimi, kama mama na kama mwenye nyumba: flashi moja uipate, mtake msitake. Nilikuwa nimefika hapa kwenye barua, kalamu mkononi, Teta akaingia. Akasimama nyuma ya kiti changu, akasoma bila kuomba, kama anavyosoma kila kitu katika nyumba hii.

"Futa hapo panaposema umeamua," alisema.

"Kwa nini?"

Akaweka flashi juu ya karatasi. "Kwa sababu nimeshaamua mimi. Iweke kwenye begi lake la mkononi, siyo kubwa, kubwa hupotea. Na umwandikie kwamba barabara ya kwenda mtoni hatukuimaliza. Aimalize kwake anavyotaka. Mimi nitaimalizia kwangu ninavyotaka. Akirudi likizo tunawasha zote mbili, tunaona nani amepitisha vibaya."

"Na kama hamtaelewana?"

"Tutagombana," alisema. "Si ndiyo kazi yetu?"

Sikufuta, kama unavyoona. Nimeona ni heri ujue kwamba nilikuwa karibu kukuamulia, na kwamba mdogo wako aliniwahi. Flashi imo kwenye mfuko wa mbele wa begi la mkononi, pamoja na pasipoti. Baba yako ananiita, kilo zimezidi, bila shaka ni lile koti. Naja nikusaidie kutoa kitu.

Jenga, mwanangu. Pitisha barabara utakapoona panafaa, hata kama Teta atakucheka.

Akupendaye na asiyekuzuia,
Mama yako